Kutoka hospitali hadi kortini: mwongozo kamili kwa waliodhulumiwa kingono utotoni, Malindi na Lamu

Kesi ya mtoto aliyenajisiwa mara nyingi haifii mbele ya hakimu. Hufia njiani: nguo zilizofuliwa kabla ya kwenda hospitali, fomu iliyojazwa nusu, kikao cha wazee kilichoamua faini jioni hiyo hiyo, shahidi aliyehama na hakuna aliyemfuata. Mwongozo huu unaifuata njia hiyo kituo kwa kituo. Ni wa mzazi au mlezi mwenye mtoto aliyetendewa juzi, na ni wa mtu mzima aliyetendewa akiwa mtoto ambaye sasa ameamua kushtaki. Tumeuandika tukiangalia Malindi na viunga vyake, Watamu, Mambrui, Gongoni na Marafa. Ndugu wa Lamu wataona maelezo yao pale mambo yanapotofautiana.

Sheria inasemaje

Sheria kuu ni Sheria ya Makosa ya Kingono, namba 3 ya mwaka 2006, iliyoanza kutumika tarehe 21 Julai mwaka huo. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, wa kike au wa kiume. Tunalisema hili la wavulana mapema kwa sababu wazazi wengi pwani hawaendi polisi mtoto akiwa wa kiume, kwa kuona haya, ilhali kosa ni lile lile na adhabu ni ile ile.

Kifungu cha 8 kinahusu kunajisi, yaani kuingilia, hata kama kuingilia kwenyewe hakukukamilika. Mtoto wa miaka 11 au chini yake: kifungo cha maisha. Wa miaka 12 hadi 15: kifungo kisichopungua miaka 20. Wa miaka 16 hadi 18: kisichopungua miaka 15. Kujaribu kunajisi, kifungu cha 9, ni miaka 10 au zaidi. Kumshika mtoto sehemu za siri au kumshikisha zako ni kitendo cha aibu kwa mtoto, kifungu cha 11, nacho hakipungui miaka 10. Akiwa mtendaji ni baba, babu, ndugu, mjomba au ami wa msichana aliye chini ya miaka 18, kifungu cha 20 kinaruhusu hata kifungo cha maisha. Mwalimu, na mtu yeyote aliyetumia mamlaka au kuaminiwa kwake, ana kifungu chake cha 24. Ustadhi wa madrasa na kiongozi wa kanisa nao ni watu walioaminiwa.

Julai 2024 Mahakama ya Juu ilifunga mjadala uliokuwa umezuka kuhusu viwango hivi vya chini: korti haiwezi kushuka chini yake. Kwa hiyo akija mtu kukwambia "hata akipatikana na hatia atapewa miaka miwili", usimsikilize.

Neno "alikubali" halimsaidii mshtakiwa, kwa kuwa mtoto hana uwezo wa kuridhia jambo hili. Utetezi ulio karibu na huo ni mmoja: kwamba mtoto alimdanganya kuwa amefika miaka 18 na mshtakiwa akaamini kwa sababu za maana. Mtu anayemfahamu mtoto tangu utotoni, jirani au bodaboda anayempeleka shule kila asubuhi, hawezi kuusimamisha. Na kumuoza msichana kwa aliyemharibu hakufuti kosa. Sheria ya Ndoa ya 2014 hairuhusu ndoa chini ya miaka 18.

Kikao cha wazee

Hapa ndipo kesi nyingi huzikwa, kwa hiyo tukae kidogo. Saa chache baada ya habari kutoka, watu watakuja nyumbani: mzee wa mtaa, jamaa wa mshukiwa, wakati mwingine hata chifu. Watataja undugu, watataja aibu ya mtoto, watataja kwamba mshukiwa ndiye anayelisha watu wengi. Kisha itatajwa mbuzi, au shilingi.

Wajibu kwa adabu lakini ujue sheria imesimama wapi. Chini ya kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono, uamuzi wa kusimamisha upelelezi au kesi ya kosa la kingono uko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma peke yake, na Katiba inamtaka naye aombe ruhusa ya korti kabla ya kuondoa kesi. Baba wa mtoto hana uwezo wa "kusamehe kesi", chifu hana, OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, hana. Kadhi naye hana, kwa sababu Katiba, ibara ya 170, imempa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu kwa Waislamu, haikumpa jinai. Zaidi ya hayo, anayepokea mali kwa makubaliano ya kuficha kosa kubwa anatenda kosa yeye mwenyewe chini ya kifungu cha 118 cha Kanuni ya Adhabu. Mzee anayeshika bahasha anafaa alijue hilo, na mzazi anayeipokea pia.

Kama kikao kimeshafanyika na hata karatasi ikawekwa sahihi, nenda polisi vile vile. Karatasi hiyo haimfungi mtoto. Ichukue uende nayo, kwa kuwa mara nyingi ndani yake mshukiwa amekiri kwa mkono wake. Waliokuwepo nao wanaweza kuitwa mashahidi.

Siku tatu za kwanza

Ikiwa tendo ni la karibuni, saa ndizo zinazohesabiwa. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, PEP, lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Humezwa kwa siku 28 bila kukatiza. Dawa ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120. Kwa hiyo nenda hospitali kwanza ikiwa iko karibu kuliko polisi. Hakuna sheria inayomtaka mtoto awe na P3, fomu ya polisi ya kujazwa na daktari, au namba ya OB, namba ya Kitabu cha Matukio cha polisi, ndipo atibiwe, na matibabu ya manusura katika hospitali za serikali ni bure kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2012. Malindi, nenda Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Malindi. Lamu, nenda King Fahd mjini, au Faza au Mpeketoni ukiwa upande huo. Wa visiwani msingoje maji yajae asubuhi ikiwa kuna chombo usiku. Piga 1195, simu ya bure ya dhuluma za kijinsia, au 116, simu ya bure ya watoto, mpate wa kuwaelekeza.

Kabla ya kutoka nyumbani: mtoto asioge, asibadilishe nguo, asisukutue ikiwa kinywa kilihusika, na ikiwezekana asiende haja kabla ya kupimwa. Tunajua hili ni gumu. Silika ya mama yeyote ni kumwosha mtoto, na kwetu usafi ni sehemu ya kumfariji. Ikiwa ameshaoga, usikate tamaa wala usimlaumu aliyemwogesha. Nenda tu, na umwambie daktari ukweli.

Nguo zote alizovaa, pamoja na shuka au leso aliyolalia, zitiwe kwenye bahasha za kaki au mifuko ya karatasi, kila nguo na mfuko wake. Usitumie nailoni. Joto la pwani na unyevu ndani ya mfuko usiopitisha hewa huotesha ukungu na bakteria, na hao huiharibu DNA kabla haijafika kwa Mkemia wa Serikali. Nguo iliyolowa ianikwe kivulini ikauke, isikung'utwe, isipigwe pasi. Andika juu ya kila mfuko: nguo gani, ya nani, imetiwa siku gani, saa ngapi, na nani.

Hospitalini daktari au afisa wa kliniki anapaswa kujaza fomu ya huduma baada ya kubakwa, ijulikanayo kama fomu ya PRC au MOH 363. Ina nakala tatu: ya asili huenda polisi na hatimaye kortini, moja unapewa wewe, moja hubaki hospitalini. Usiondoke bila nakala yako. Itazame pale pale: je, jina na umri wa mtoto ni sahihi? Tarehe na saa ya tendo? Michoro ya mwili imetiwa alama palipo na jeraha? Vipimo vilivyochukuliwa vimeorodheshwa, na anayevikabidhi kwa polisi ameweka sahihi pamoja na anayevipokea? Pengo katika mkono uliopokea hadi mkono uliofuata ndilo wakili wa utetezi analolitafuta. Atauliza: "Huu pamba ulikuwa wapi kati ya Jumanne na Ijumaa?" Pasipo sahihi hakuna jibu.

Daktari akiandika "hakuna jeraha", kesi haijaisha. Watoto hupona haraka, na vitendo vingine haviachi alama. Mahakama ya Rufani, ikiketi Mombasa, imesema zaidi ya mara moja kwamba kunajisi huthibitishwa kwa ushahidi wowote wa kuaminika, si lazima DNA, wala kukosekana kwa ripoti ya daktari hakumwachilii mtu peke yake.

Msichana akipata mimba, DNA ya mtoto atakayezaliwa ni ushahidi mzito, lakini usikubali upelelezi usimamishwe miezi tisa ukingoja. Taarifa zichukuliwe sasa.

Polisi

Kituoni omba dawati la jinsia, na kama unataka afisa wa kike sema hivyo waziwazi. Jambo la kwanza kabla ya maelezo marefu ni habari kuingizwa kwenye Kitabu cha Matukio. Utapewa namba ya OB. Huandikwa kwa namba ya tukio ikifuatwa na tarehe, mfano 23/14/5/2024. Iandike mahali pawili. Andika pia jina la afisa na namba yake ya kazi. Bila OB, kesho utaambiwa hukuja.

Kisha utapewa fomu ya P3. Haiuzwi. Hurudishwa hospitalini ijazwe kwa kufuata ile PRC na kumbukumbu za matibabu, na aliyeijaza ndiye atakayeitwa kutoa ushahidi, kwa hiyo jina lake lisomeke. Hapa kuna kosa la kawaida: umri wa mtoto kwenye P3 unakuwa 13, kwenye PRC 14, kwenye hati ya mashtaka 12. Kwa kuwa adhabu inapimwa kwa umri, tofauti ndogo hii imewahi kupunguza vifungo kwenye rufaa. Leta cheti cha kuzaliwa tangu siku ya kwanza. Ikiwa hakipo, na vijijini Magarini ni kawaida kisiwepo, leta kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, au rekodi ya shule. Kisipopatikana chochote, daktari hupima umri kwa meno na mifupa, na ushahidi wa mama mzazi nao hukubalika.

Taarifa ya mtoto ndiyo roho ya kesi. Mlezi anaweza kuketi naye, isipokuwa mlezi huyo ndiye mshukiwa au yuko upande wake. Mtoto azungumze lugha aliyoizoea, Kiswahili cha kwao, Kigiriama, Kibajuni, na maneno yake yaandikwe yalivyo. Watoto wengi husema "alinifanyia tabia mbaya". Korti zetu zinalifahamu neno hilo, lakini likibaki peke yake linaacha shaka, kwani linaweza kumaanisha mambo mengi. Afisa amuulize kwa upole: tabia mbaya ni nini, alitumia nini, wapi mwilini. Mtoto anaweza kuonyesha kwa kidole au kwa mwanasesere. Kinachoharibu ni afisa kuandika maneno ya sheria kinywani mwa mtoto wa miaka saba. Siku ya korti mtoto hatayajua, na utetezi utasema alifunzwa.

Kwa sababu iyo hiyo, nyumbani msimhoji mara kwa mara. Muulize mara moja, kwa maswali yaliyo wazi: "Nini kilitokea? Halafu?" Usimtajie jina la mtu. Andika alichosema kwa maneno yake, tarehe na saa, halafu mwache apumzike. Aliyeambiwa kwanza na mtoto, awe dada, nyanya au mwalimu, ni shahidi muhimu, naye atoe taarifa yake mapema.

Taarifa isomwe kwa sauti kabla ya sahihi. Kosa lirekebishwe pale pale.

Kituo kikikataa kuandika au kikikuzungusha, una silaha. Tarehe 27 Mei 2013 Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi walivunja haki za kikatiba za wasichana kwa kutopeleleza ipasavyo malalamiko yao ya kunajisiwa. Mwambie OCS hivyo kwa heshima. Asiposikia, panda kwa kamanda wa kaunti ndogo, kwa ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka iliyopo Malindi, na kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi. Kila barua iwe na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Peleka habari pia kwa afisa wa watoto, hasa mtendaji akiwa wa nyumba moja. Yeye anaweza kuomba korti imweke mtoto mahali salama, na Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inaruhusu amri ya kumtoa mtendaji nyumbani. Atoke yeye, si mtoto.

Mtendaji akiwa mwalimu, waraka wa TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, namba 3 wa mwaka 2010 unamtaka mwalimu yeyote mwenye habari aripoti ndani ya saa 24. Andikieni TSC sambamba na polisi. Moja halingoji jingine.

Akiwa mtalii au mgeni

Malindi na Watamu jambo hili lina sura yake. Haraka ndiyo kila kitu, kwani mgeni huweza kuwa uwanja wa ndege kabla jalada halijafunguliwa. Mwombe mpelelezi apeleke habari Uhamiaji, na mshukiwa akifikishwa kortini kiongozi wa mashtaka aombe pasipoti iwekwe kortini. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kinamshika pia anayeandaa utalii wa kingono wa watoto: mwenye nyumba, dereva, dalali. Akishatoroka, mlango haujafungwa. Sheria ya Italia, kwa mfano, inaruhusu raia wake kushtakiwa kwao kwa kudhulumu mtoto ng'ambo, na Uingereza ina kifungu cha namna hiyo katika sheria yake ya 2003.

Ujumbe wa simu, picha na kumbukumbu za M-Pesa zisifutwe wala kusambazwa. Simu yenyewe ni kielelezo. Ukichapisha mazungumzo, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti cha aliyeyatoa kwenye chombo. Bila cheti hicho korti inaweza kuyakataa. Na picha ya mtoto isipite kwenye makundi ya WhatsApp hata kwa nia ya kutafuta msaada. Sheria inalinda jina lake.

Ikiwa ni ya miaka mingi nyuma

Makosa makubwa ya jinai Kenya hayana muda wa kwisha. Mtu wa miaka 35 anaweza kuingia kituoni leo kuripoti aliyotendewa akiwa na 9. Isipokuwa: lililotendeka kabla ya tarehe 21 Julai 2006 hushtakiwa kwa Kanuni ya Adhabu iliyokuwa ikitumika siku zile, ambayo ilikuwa na vifungu na adhabu tofauti kwa wasichana na wavulana. Lililotendeka baadaye liko chini ya sheria mpya.

Ugumu ni tarehe. Hati ya mashtaka inaweza kusema "siku zisizojulikana kati ya mwezi huu na huu", lakini kadiri dirisha linavyokuwa jembamba ndivyo kesi inavyosimama. Kaa chini na karatasi kabla ya kwenda polisi. Chora mstari wa maisha yako ya utotoni kisha utundike matukio yanayojulikana tarehe zake. Ulikuwa darasa la ngapi, mwalimu wa darasa nani? Ilikuwa kaskazi au kusi? Kabla au baada ya tsunami ya Desemba 2004? Ramadhani inasaidia sana, kwa kuwa husogea karibu siku 11 kila mwaka: anayekumbuka kwamba ilikuwa usiku wa tarawehe, mwaka elimu ya msingi ilipofanywa bure, anazungumzia Oktoba au Novemba 2003. Aliyekulia Lamu ana Maulidi. Msiokumbuka siku, kumbukeni chumba: mlango ulifungukia wapi, nani alikuwa akilala hapo, nyumba hiyo bado ipo. Mpelelezi atakwenda kuiona.

Tafuta vitu vitatu. Kwanza, mtu uliyemwambia wakati ule, hata kama hakuamini. Pili, karatasi: kadi ya hospitali, rekodi ya kuhama shule ghafla, barua, shajara. Tatu, wengine aliowatendea mtu huyo huyo. Mara nyingi wapo. Lakini msiketi pamoja kulinganisha kumbukumbu, kila mmoja atoe taarifa yake peke yake, la sivyo itasemwa mlipanga. Kama umekuwa ukimwona mshauri nasaha, ripoti yake kuhusu athari inaweza kutumika.

Sasa, vipi ikiwa hakuna daktari, hakuna karatasi, ni wewe tu? Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinajibu. Katika kosa la kingono, korti inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa manusura peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli na ikaandika sababu za kuridhika kwake. Hakimu hupima ukweli kwa uthabiti: ulichosema polisi, ulichosema kortini, ulichojibu ukihojiwa. Kwa hiyo usiongeze chumvi, na usikumbuke usichokikumbuka. "Sikumbuki" ni jibu halali.

Kortini

Mshukiwa akikamatwa lazima afikishwe kortini ndani ya saa 24. Hati ya mashtaka huwa na shtaka kuu, na kwa kawaida shtaka mbadala la kitendo cha aibu, ili kuingilia kusipothibitika kesi isianguke yote. Mwulize kiongozi wa mashtaka kama mbadala upo. Chukua namba ya kesi na jina la korti.

Dhamana ni haki ya mshtakiwa isipokuwa kuwe na sababu nzito. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inakupa nafasi ya kusikizwa kabla uamuzi haujatolewa. Toa sababu zilizo hai: anaishi ua mmoja na mtoto, ametuma watu kutisha, hana makazi Kenya. Akipewa dhamana, ombeni masharti asikaribie nyumba, shule wala madrasa ya mtoto. Akiyavunja, ripotini kwa OB mpya siku hiyo hiyo na mumwambie kiongozi wa mashtaka aombe dhamana ifutwe.

Familia yenye uwezo yaweza kuweka wakili wake. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba wakili wa mwathiriwa anaweza kushiriki kesi, bila kugeuka kiongozi wa mashtaka wa pili. Asiye na uwezo aulizie FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake lenye ofisi Mombasa, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Kabla ya siku ya ushahidi, omba mapema, si asubuhi ile, mtoto atangazwe kuwa shahidi anayehitaji ulinzi chini ya kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Kingono. Ndipo korti hufungwa kwa watu wa nje, mtoto huwekwa nyuma ya pazia au kisanduku asimwone mshtakiwa, na hupewa msaidizi, mzazi, mshauri au afisa wa watoto, wa kupitishia maswali. Mpelekeni aione korti ikiwa tupu. Mpeni chai, kusikilizwa huchelewa. Maswali kuhusu mahusiano yake mengine hayaruhusiwi mpaka hakimu akubali, kifungu cha 34, na kiongozi wa mashtaka anapaswa kusimama kupinga yakiulizwa.

Kinachothibitishwa ni mambo matatu: umri, kuingilia, na kwamba mshtakiwa ndiye. La tatu hupuuzwa watu wakifahamiana. Mtoto aseme anamjuaje, tangu lini, kulikuwa na mwanga gani.

Kuahirishwa ndiko kunakochosha. Daktari amehamishwa, mpelelezi yuko kazini kwingine, jalada la polisi halijaletwa. Wiki mbili kabla ya kila tarehe, mpigie mpelelezi umuulize kama hati za wito zimewafikia mashahidi. Mashahidi wakikosekana mara kwa mara, mambo mawili hutokea, na yanatofautiana sana. Kesi ikiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa jinai, mshtakiwa anaweza kushtakiwa upya. Upande wa mashtaka ukilazimishwa kufunga kesi na korti ikaona hana la kujibu chini ya kifungu cha 210, ameachiliwa, basi. Ujue ni ipi kabla ya kuondoka ukumbini. Vilevile hakimu akihamishwa katikati, mshtakiwa ana haki ya kuomba mashahidi warudi. Mtayarishe mtoto kwamba huenda akaulizwa tena.

Baada ya hukumu

Akitiwa hatiani, omba maelezo ya mwathiriwa kuhusu madhara yasikizwe kabla ya adhabu, na kiongozi wa mashtaka aombe fidia. Mfungwa ana siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Akiachiliwa, upande wa mashtaka nao unaweza kukata. Mwambieni kiongozi wa mashtaka siku hiyo hiyo, kwani siku hukimbia.

Madai ya pesa kwa kesi ya kawaida yana muda, tofauti na jinai. Kwa madhara ya mwili ni miaka 3, na kwa aliyekuwa mtoto hesabu haianzi mpaka atimize 18. Asiyetaka kukosa amwone wakili kabla hajafika 21. Njia nyingine ni ombi la kikatiba. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliwapa fidia wasichana wawili walionajisiwa na mwalimu wao, na ikaona TSC na serikali zinawajibika pamoja naye.

Chukueni nakala ya hukumu iliyoidhinishwa na karani. Muda wa rufaa ukipita bila rufaa, au rufaa ikashindwa, kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya hukumu hiyo kuwa ushahidi kamili kwamba alitenda. Katika kesi ya fidia hamtahitaji kumrudisha mtoto kizimbani kusimulia upya.